Nguzo Moja Iliyopinda

Ndege ilifika kwetu ikiwa vipande, ndani ya boksi la karatasi ngumu, na mtu wa kwanza kuishughulikia ndiye hasa ambaye hakupaswa kuigusa. Nitafika huko.

Mume wangu ni fundi wa mitumbwi ya mbao hapa Rumonge. Labda ningesema alikuwa, lakini nimechoka kubishana na maneno yangu mwenyewe. Mwaka jana, asubuhi moja akiwa anavaa shati, kiharusi kilimshika upande wa kulia. Mdomo ulinyooka baada ya wiki chache. Mguu ulirudi taratibu, ukawa unaburura kidogo. Mkono ulibaki mapajani, vidole vimejikunja. Daktari wa mazoezi alisema mkono usipopewa kazi utajisahau, akampa mpira mdogo wa kubinya. Mume wangu aliubinya siku mbili, ya tatu akawapa watoto wa jirani.

Mdogo wake ndiye aliyetuma ndege. Wote wawili walikulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi. Sisi tulirudi Burundi, yeye akapelekwa nchi ya baridi na hajarudi. Alipiga simu akasema, "Kaka, ulikuwa unaniundia ndege za mabua ya mahindi. Sasa uunde hii, mukono utaamuka." Juu ya boksi kulikuwa na picha: ndege nzito ya kudondosha mabomu, ya zamani sana, enzi mabawa yalipokuwa yanapandana, moja juu ya jingine, yakishikwa na nguzo nyembamba zisizohesabika. Ilikuwa na mapangaboi manne, na marubani wamekaa mbele wazi, wanapigwa na upepo. Ndani mlikuwa na fremu za plastiki ya kijivu, na kila kipande kimening'inia kwenye fremu yake kwa kikonyo kidogo, pembeni pameandikwa namba. Kulikuwa na kichupa cha gundi pia, na karatasi ya maelekezo isiyo na neno hata moja, michoro na namba tupu.

Mama mkwe, ambaye tunakaa naye, aliitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Hii ni ndege ya kufanya nini?"

"Ya kutupa mabomu, mama. Ya zamani."

"Yoo! Sisi tulikimbia bunduki na watoto mugongoni, yeye anatutumia bomu kwa boksi? Na hii ndiyo iko dawa ya mukono?"

Akapiga marufuku isiingie chumbani kwake anakosalia. Ndiyo maana ikaundwa barazani, kwenye meza ya kuchambulia mchele.

Uvunguni mwa kitanda chetu kulikuwa na sanduku la zana: tezo mbili, msumeno, patasi, nyundo, na kamba aliyokuwa akipimia mbao. Fundi mwenzake wa Muhuta alikuwa amekwisha kuziulizia, kwa adabu, mara mbili. Siku boksi lilipofika, mume wangu alimpigia simu mbele yangu. "Ngoja nimalize hii ndege," alimwambia. "Nikiiweza, minarudi kazini. Nikishindwa, uje ubebe sanduku." Alipokata simu hakuniuliza nina maoni gani.

Maoni nilikuwa nayo. Nilitaka zana ziondoke. Naliandika hili bila kujipamba. Nilikuwa nafundisha darasa lililofurika hadi mlangoni, narudi mchana namfunga mume wangu vifungo, namkatia samaki, namnyoa ndevu, na kila siku nakuta matumaini yameketi barazani yanasubiri kuandaliwa chai. Matumaini yanachosha kuliko msiba. Msiba angalau una siku ya kuanua matanga, watu wakakunja mikeka wakaenda zao.

Siku ya pili nilirudi kutoka shuleni nikasikia harufu ya plastiki inayoungua tangu njiani. Mama mkwe alikuwa jikoni, uso umemng'aa kwa kazi aliyoimaliza. Ni mwanamke aliyetumia maisha yake yote kwenye michikichi, kwanza huku, kisha Kigoma miaka ya ukimbizi, sasa Kigwena. Kwake kitu chochote kidogo kinachoning'inia kwenye kikonyo kina utaratibu mmoja: unapukuchua mkungu, unachambua ngazi, yaani matunda yake, makapi yanakwenda kwenye moto. Ndivyo alivyoifanya ndege. Juu ya meza kulikuwa na sahani tatu: vipande vikubwa, vya kati, na vidogo. Amechambua vizuri mno. Na fremu zote zenye namba alikuwa anazipikia maharage.

"Nimewasaidia," alisema. "Ile mikonyo nimetia ku moto."

Nilikaa chini palepale mlangoni na mkoba wangu begani. Nguzo peke yake zilikuwa zaidi ya thelathini, zote zimefanana, ila kila moja ilizidi nyingine kwa unene wa ukucha. Bila namba hakuna ambaye angejua ipi inakaa wapi. Nilijisikia nimepumua. Kisha nikaona haya, maana mtu ambaye kushindwa kwake kulinipa nafuu alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, anatazama sahani.

Mume wangu alianza kucheka. Tangu ugonjwa nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo, hadi mama yake akakasirika.

"Acha, mama," alisema. "Mbao za mutumbwi nani alishaziandika namba?"

Kweli, hakuna fundi wa ufukweni kwetu anayeunda kwa karatasi. Wanaanza chini, wanapima kwa kamba na shibiri, na jicho ndilo linalosema ubao umekaa au haujakaa. Akaikunja ile karatasi ya michoro akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba.

Tuliendelea hivyo jioni baada ya jioni, kabla giza halijaingia. Sheria aliiweka mwenyewe: mkono wa kushoto unapaka gundi, wa kulia unashika. Alichukua nguzo, akaipachika kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono mgonjwa, akavibana kwa mkono mzima, akauongoza kuelekea bawa. Jasho lilimtoka kama anayepasua gogo. Nguzo ikifika, mkono ulitetemeka, na nguzo ikakaa upande. Jioni nyingine alipachika nne. Jioni nyingine moja, akaenda kulala bila kula.

Zote zilipinda. Bawa la juu lililala juu yake kama paa la kibanda kilichopigwa na mvua ya mawe. Asubuhi moja, kabla ya kwenda shule, nilisimama barazani na kikombe changu nikiitazama, na mume wangu alikuwa bado ndani. Nikaigusa nguzo moja. Gundi ilikuwa haijakaza bado, hata kwenye zile za mwanzo. Nikaisukuma kwa kidole, ikanyooka. Nikachukua kibanio cha nguo kwenye kamba, nikaibana ikae, nikapiga mswaki, nikabandua kibanio, nikaenda kufundisha.

Jioni ile alinisubiri amesimama.

"Njoo uone! Nilijua jana niliiweka vibaya. Tazama sasa. Hii kole ya kichupa iko na akili, inanyoosha yenyewe." Akautazama mkono wake wa kulia, akauinua kwa wa kushoto kama anayenionyesha mtoto mchanga. "Ao ni mukono umeanza kukumbuka."

Ningefanya nini? Najua ningefanya nini, msiniambie. Lakini nilikuwa sijaona uso ule kwa muda mrefu, na uso ule ulikula ugali wote siku hiyo bila kulishwa. Kesho yake asubuhi nikachukua vibanio viwili. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nachukua sita, kwa nguzo za jana na zile za nyuma. Mimi niliyetaka sanduku liondoke, niliyelisema jambo hilo moyoni kila nikifagia uvunguni, nilikuwa naamka mapema kuliko jogoo wa jirani ili nimzuie mume wangu asishindwe. Sijui kulieleza. Uchovu nao una mambo yake.

Nguzo ya mwisho, ya pembeni kabisa kushoto, aliipachika Ijumaa. Jumamosi asubuhi mama mkwe aliniita kabla sijachukua kibanio, nikamshikie debe la mawese, na niliporudi barazani fundi wa Muhuta alikuwa amefika kusikia jibu lake, anavua kofia.

"Amahoro, fundi."

"Amahoro. Karibu, kaa."

Yule bwana aliiona ndege, akaizunguka meza yote. "Mbona iko imekwisha? Iko sawa kabisa! Basi mimi nimekuja bure." Alikuwa amefurahi kweli, na nilimpenda kwa hilo. Akainama, akaweka jicho usawa wa mabawa, kama wanavyoangalia ubavu wa mtumbwi. "Hata mimi na mikono yangu miwili siwezi kunyoosha hivi. Na hizi alama ndogo ndogo, ulibana na nini?"

Mume wangu akasogea mezani. Alipeleka kidole gumba cha kushoto kwenye nguzo ya kwanza, akakipitisha taratibu. Gundi ile hulainisha plastiki, na plastiki ikiwa laini hushika kila kinachoibana. Akaenda ya pili, ya tatu. Kila nguzo ilikuwa na alama mbili za meno, juu na chini. Kisha akageuza kichwa akaitazama kamba ya nguo, vibanio vilivyopangana, kimoja kikiwa na gundi iliyokauka mdomoni. Halafu akanitazama mimi. Nilikuwa na mawese mikononi hadi kwenye viwiko.

Kidole chake kikafika nguzo ya mwisho. Ilikuwa nyororo, haina alama. Ilikuwa imepinda vibaya.

"Hii moja tu ndiyo yangu," alisema.

Fundi wa Muhuta alishika kofia yake akawa anaigeuzageuza.

"Nilikuwa nakusaidia," nilimwambia mume wangu.

"Najua." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Ungeziacha zote zimepinda, mama watoto, leo ningesema nimeweza. Mutumbwi iliyopinda nayo inavua. Mwenyewe anazoea kuegemea upande mwingine, anakwenda. Nimeunda mitumbwi mingapi imepinda, nayo iko ku maji mpaka leo?" Akakiondoa kidole kwenye nguzo. "Lakini hii siyo mimi nimeiunda."

Nilitaka kumwambia tubandue zote tuanze upya, nikakumbuka kwamba msumari unang'oka kwenye ubao lakini gundi ile imekwisha kufanya plastiki mbili kuwa moja. Mume wangu aliingia chumbani akiburura mguu, akalisukuma sanduku kwa unyayo hadi barazani. Hakutaka kusaidiwa. Fundi wa Muhuta akalibeba begani, akashukuru, murakoze, akaondoka bila kumaliza chai.

Nilichokuwa nakitaka nimekipata. Nikakaa jikoni nikalia kwa sauti, na mama mkwe, ambaye hakuwa ameelewa kitu, akasema alijua tangu mwanzo kwamba mabomu hayaleti heri.

Wiki ile hatukuzungumza mambo makubwa. Nilimfunga vifungo, akanishukuru. Uvungu ulikuwa mtupu, rahisi kufagia, na kila nilipoufagia niliona vibaya. Jumamosi nikaenda Muhuta. Nilimkuta yule fundi ufukweni, tezo ya mume wangu mkononi, anachonga.

"Naomba moja," nilisema. "Ile ndogo."

"Yeye amekutuma?"

"Hapana."

Aliifuta tezo kwa shati lake, akaigeuza akanipa upande wa mpini. "Mwambie imenishinda, haikai vizuri ku mukono wangu. Asione haya."

"Nitamwambia nimekuja kuiomba," nilisema. "Sitamdanganya tena."

Na hivyo ndivyo nilivyomwambia. Alisikiliza hadi mwisho, tezo iko mapajani juu ya ule mkono. Nikamwambia na lile jingine pia, kwamba nilitaka ziondoke, kwamba nimechoka, kwamba bado nimechoka. Akasema hilo alilijua kabla yangu. Kisha akaomba aletewe ubao wa mtumbwi mbovu uliokuwa nyuma ya choo, akakaa kwenye kigoda, akaubana ubao kwa magoti. Mkono wa kushoto ukashika mpini. Akachukua wa kulia, akavikunjua vidole kimoja kimoja, akavipanga juu ya wa kushoto.

Pigo la kwanza lilikosa ubao likachimba udongo. La pili lilipata, likatoa kibanzi kinene upande usiofaa. Mama mkwe alianza kuinuka akamshikie ubao.

"Mama, kaa," nilimwambia.

Akakaa, ananung'unika. Pigo la tatu, la nne. Ubao ulikuwa unaharibika mbele ya macho yangu, ukingo unakwenda mrama, na nilijua kabisa ni wapi pa kusukuma kidogo tu ili unyooke. Nikaingiza mikono yangu yote miwili chini ya mapaja, nikaikalia.