Pikipiki Isiyokuwa na Freni

Siku pikipiki yangu ilipotembea kwa mara ya kwanza, nilipiga kelele mpaka mzee jirani akauliza ng'ambo ya ukuta ni timu gani imefunga. Nikamwambia hapana, papa, ni pikipiki. Sijui alielewa nini.

Ilikuwa pikipiki nyekundu kwenye skrini, mchezo nilioandika mwenyewe. Nikisema mwenyewe naongeza chumvi: nusu nilifuata video za watu kwenye telefone. Masomo yangu yaliishia katikati ya sekondari, na hadi leo sina hakika kama mimi ni mtu wa kuprogramu au mtu wa kubahatisha. Kazi hiyo naiona kama kumwelekeza mgeni nyumba yetu hapa Nguba: ukisahau kumwambia akate kona, ataendelea kushuka mpaka ndani ya ziwa, na kosa si lake.

Michezo ya wengine naipenda pia. Ule wa mpira ni mzuri kuliko wangu, hilo sibishi. Ya bunduki siipendi, sisi hapa bunduki tunazijua. Lakini binamu yangu anaicheza kila siku na ni mpole kuliko mimi, basi siwezi kusema inaharibu watu.

Shida ilikuwa mashine. Kompyuta ile ni ya yaya, dada yangu mkubwa anayeuza vitenge Kamituga. Aliniachia nifanyie watu kazi ya kuchapa. Safari hii alipokuja kututembelea, alifika na plastiki nzito ya kuifungia.

"Nasikia unaichezea tu," akasema. "Kama iko ya kuchezea, naibeba. Duka yangu inaihitaji."

Alikuwa na haki. Maharagi yalikuwa yameungua kwa sababu ya pikipiki ile, na wateja walikuwa wamengojea.

Jumapili, tulipotoka misa, akavuta kiti. "Nionyeshe basi hiyo kitu inakula akili yako."

Nilimwonyesha aweke vidole wapi.

"Hii ni njia ya Kamituga?"

"Ndiyo, yaya."

"Uwongo! Matope iko wapi?"

"Iko mbele."

Akaanza. Kila kona aliinama na mwili wote, kiti kikalia. Shimo la kwanza likammeza. "Ee Mama Maria!" Akarudia, akaruka mashimo, akacheka peke yake. Anacheza! Yaya anacheza!

Halafu akafika kwenye pikipiki nyingine, imekwama kwenye matope, na watu wawili kando yake. Akaanza kubonyeza huku na huku, akitafuta pa kusimamisha.

"Freni iko wapi?"

"Hakuna freni, yaya. Unawapita, unapata pointi."

Akaniangalia. "Napita watu wamekwama?"

Nikamwonyesha pointi pembeni mwa skrini. Hakuzitazama.

"Wewe ulipanda hii njia siku gani?"

"Nilipokuwa mdogo. Nililala njia yote."

"Ndiyo maana. Kule ukikuta mutu amekwama, unashuka, unasukuma. Ukimupita, watakukumbuka sura. Kesho ni wewe uko mu matope, na wao wanapita wakikupungia mukono."

Nilijitetea kidogo, maana michezo yote niliyojifunzia, anayewapita wengine ndiye anayeshinda. Lakini yeye ndiye aliyewahi kusukuma kwenye njia ile. Nikavuta mashine, nikaanza kuandika palepale, naye amekaa, chai inapoa. Freni ilikubali haraka. Kusukuma kulikataa, kukakataa tena, kisha kukakubali kupita kiasi: yaya alisimama, akasukuma, na pikipiki iliyokwama ikaruka kama jiwe la manati, ikatoka nje ya skrini.

Yaya alicheka mpaka kitenge kikalegea. "Huyo amefika Kamituga mbele yangu!"

Nilicheka naye, ingawa moyoni niliona mashine imekwenda. Mtu asiyeweza kusukuma pikipiki moja vizuri, aachiwe kompyuta ya nini?

Asubuhi yake nilimkuta mlangoni amechuchumaa, anafunga mzigo kwa kamba. Ile plastiki nzito ilikuwa tayari imekazwa. Nikatazama mezani: mashine ilikuwa palepale. Ndani ya plastiki mlikuwa na vitenge vyake.

"Mvua iko njiani," akasema bila kugeuka. "Na watu wawili hawatoshi kusukuma. Ongeza wawili, wakuwe ine. Nikirudi nataka kuwakuta."