Behewa la Molasi Lililofika Ngonga

Wakuu, Kyela haina reli. Hata futi moja.

Lakini mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, behewa la treni lilifika Ngonga, likashushwa katikati ya migomba yangu. Siku ya kumi na nane likammeza mwanangu.

Sikuhadithiwa. Nilikuwa nimesimama hatua nne tu.

Simu hii nimejifunza uzeeni, kama nilivyojifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni, baada ya kushika sululu kutwa nzima. Mnivumilie nikienda polepole. Nitasema yote, na ya aibu yangu nitayasema pia.

Nilifanya kazi reli miaka thelathini na mmoja, kule Mbeya. Nilianza kibarua wa kokoto, nikastaafu mkaguzi wa mabehewa. Treni ikisimama, unatembea ubavuni mwake na nyundo ya mpini mrefu, unagonga gurudumu moja moja. Gurudumu zima linalia kama kengele. Lenye ufa linajibu kama chungu kibovu.

Watu wanadhani behewa ni sanduku tu lenye magurudumu. Thubutu.

Nimekagua behewa lililozama tumbo katikati, magurudumu thelathini na mawili, limebeba transfoma moja tu ya kwenda migodini. Lilikwenda mwendo wa mtu anayetoka kanisani, na vijana wawili mbele yake na mianzi, wananyanyua nyaya zisiguswe.

Nimekagua matangi ya tindikali, ambayo hata mlevi alikuwa anayapita kwa adabu.

Nimefungua behewa la mifugo lililocheleweshwa juani siku mbili. Ng'ombe wote walikuwa wamekufa, na wote walikuwa wamesimama. Hawakuwa na nafasi ya kuanguka.

Basi nikajijengea jina. Nikilitazama behewa kwa nje, nakwambia limebeba nini. Ndani sikuwahi kuingia. Haikuwa kazi yangu.

Sasa, mwanangu.

Aliitwa Godlove, kitinda mimba wangu, mkulima wa mpunga. Masika yaliyotangulia mto ulifurika, kisima chetu kikaingiwa na maji ya vyoo, binti yake wa miaka minne akalala wiki tatu na homa ya matumbo. Tulikwisha kuanza kunong'ona mambo ya sanda. Alipopona, Godlove akaapa kwamba masika mengine hayatamkuta bila tangi la kukinga maji ya paa.

Akalipata Mbeya, kwenye yadi ya vyuma chakavu. Tangi la behewa, magurudumu yameshakatwa. Akanipigia simu, akasema, "Baba, njoo ulisome hili kabla sijalichukua."

Nikapanda gari siku hiyo hiyo. Nani haitiki akiitwa kwa jambo analolijua?

Rangi ilikuwa imebabuka, maandishi yamefutika. Pale yadini kila mtu alikuwa na lake. Mmoja anasema lilibeba tindikali, mwingine dizeli, mwingine anamwambia Godlove aachane nalo asije akaua ukoo mzima.

Nikalizunguka mara moja tu. Nikawaonyesha bomba la mvuke lililopita chini ya tumbo. Nikawaambia bomba hilo ni la kupasha moto, na tindikali haipashwi. Kinachopashwa ni molasi, ule uji mweusi wa viwanda vya sukari, kwa sababu kwenye baridi ya Makambako unaganda kama lami na hautoki. Kisha nikachovya kidole kwenye mdomo wa koki, nikalamba.

Tamu.

Yadi nzima ikacheka. Godlove akanishika bega, akawaambia wale mafundi, "Mzee wangu noma. Huyu angesoma ujanani mngekuwa mnamwona kwenye televisheni."

Wakuu, sikukosea. Lilikuwa tangi la molasi kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Likaja na semi ya kubebea magreda, likashushwa kwa kreni. Watu walitoka Ikolo, wakatoka Busale, kuja kuona treni isiyo na reli. Nikakaa pale na kigoda changu nikiwasimulia habari za mabehewa. Nilifurahi sana siku zile. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi vile tangu nistaafu.

Mvua za kwanza zikanyesha kifuniko kikiwa wazi. Maji yakaingia, yakakuta molasi iliyoganda chini. Tukaona watoto wanaanza kupanda juu, tukakifunga kifuniko kwa bolti. Jua la Kyela mnalijua. Likakaa hivyo wiki mbili.

Kabla sijaendelea, lazima niwaambie habari za Doreen.

Huyu ni mke wa Godlove. Kwao ni mwambao wa ziwa, Wakisi, watu wa samaki na kufinyanga vyungu. Na kwetu, mke wa mwanao hakutazami usoni. Akikuona njiani anapinda shambani mpaka upite. Hatamki jina lako. Akiwa na neno lako, anampa mama mkwe, naye anakuletea.

Vijana wa mjini wameshaacha. Kwangu haikuachwa, kwa sababu mimi ndiye niliyeng'ang'ania. Miaka sita aliishi katika ua wangu, na uso wake niliujua kwa picha za harusi.

Siku yenyewe mke wangu Rut alikuwa Karonga, ng'ambo ya Songwe, kwenye msiba wa shangazi yake. Godlove alilala Mbeya, simu yake haipatikani, alikwenda kutafuta brashi za chuma za kusugulia tangi. Kifuniko alikifungua kabla hajaondoka, ili, kama alivyosema, lipate hewa.

Akarudi saa nne asubuhi. Hakukaa hata kunywa chai. Akaja moja kwa moja na majirani wawili, Yakobo na Ezra. Watu wengine wakasogea, maana tangi lilikuwa sinema ya kijiji.

Akapanda ngazi, akachungulia. Akasema linanuka kama kakao iliyovundikwa.

Kisha akanigeukia. "Baba, niingie?"

Nikamwambia, "Ingia mwanangu. Hili lilibeba sukari. Sukari imemuua nani?"

Watu wakacheka. Yeye mwenyewe alicheka, akaingia na brashi mkononi.

Tulisikia brashi ikikwaruza mara mbili. Ya tatu haikufika.

Yakobo akamwita. Kimya. Akapanda, akaingiza kichwa na mabega, na miguu yake ikalegea hapo hapo. Ezra akamvuta kwa kifundo, wakaanguka wote chini. Yakobo alikuwa anatapika, midomo imekuwa ya rangi ya zambarau.

Mimi nikapanda ngazi. Sikuwaza kitu. Nilikwisha kuingiza mguu mmoja.

Shati langu likavutwa kwa nyuma.

Alikuwa Doreen, ametoka kuchota maji, ndoo ameitupa njiani. Hata saa ile alikuwa amejifunika uso kwa kanga, gubigubi. Akasema maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia maishani.

"Baba, usiingie. Mle hewa imekufa."

Alinishusha kama mtoto.

Tulimtoa Godlove kwa kamba na ndoano, baada ya karibu saa nzima. Hakuwa na jeraha hata moja. Mkononi alikuwa bado ameshika brashi.

Daktari akaeleza baadaye kwamba molasi ikikutana na maji huchacha kama pombe, na pumzi yake ni nzito, hutulia chini kama maji yasiyoonekana. Mtu akiinama mle, pumzi mbili zinamtosha. Polisi wakaandika ajali, wakaondoka.

Msiba ulikuwa mkubwa. Ngoma zilipigwa, ng'ombe walichinjwa, wanawake walilia mpaka sauti zikaisha. Rut aliwasili jioni ya pili.

Baada ya matanga, ukoo ukakaa. Mdogo wangu Asajile ndiye aliyeongoza. Na hapo likatoka jambo.

Ezra alisema kwamba jioni ya kuamkia kifo, alipita na jembe lake, akamwona Doreen juu ya tangi, anateremsha kibatari kwa kamba.

Baraza likanuna. Kibatari cha nini? Mke wa mtu anapanda juu ya tangi jioni, mume hayupo, anatafuta nini?

Doreen alikuwa amekaa nyuma ya ukuta wa mianzi pamoja na wanawake. Akajibu kupitia kwa Rut kwamba alisikia harufu. Kwao mama yake anapika pombe katika mitungi mikubwa, na mtungi unaochacha huzima moto ukiingizwa ndani. Akajaribu kwa kibatari. Kikazima mara tatu.

Asajile akauliza, "Basi ulijua. Kwa nini ulinyamaza?"

Nyuma ya ukuta kukawa kimya.

Akauliza tena. Kimya. Mzee mmoja akasema huyo amemmaliza mume wake ili arudi kwao akaolewe. Mwingine akakumbusha kwamba amemshika baba mkwe shati mbele ya watu, mkosi ambao haujawahi kuonekana.

Kisha Asajile akanigeukia mimi. "Kaka, wewe ulipewa neno lolote?"

Nikasema, "Sikupewa."

Wakaamua Doreen arudishwe kwao. Mtoto abaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Nilimwona akiondoka na furushi moja, amenipa mgongo kwa heshima kama siku zote. Binti alikuwa amefungiwa ndani, analia.

Usiku ule ule Rut akaniwekea ugali, akasimama mlangoni. Aliniuliza neno moja tu.

"Ulikohoa?"

Wakuu, hapa ndipo mtakaponichukia.

Iko hivi. Mke wa mwanao akiwa na neno la haraka, na mama mkwe hayupo, anasimama nyuma ya migomba mahali unapoweza kumsikia, anamwambia kuku. Au mbuzi, au mti. Hasemi na wewe. Na wewe, ukishasikia, unakohoa mara moja. Maana yake neno limefika, sasa ni mzigo wako.

Asubuhi ile, saa mbili kabla ya kifo, nilikuwa barazani nakunywa chai. Doreen akaja nyuma ya migomba na mtama mkononi, akawarushia kuku, akasema taratibu, neno kwa neno:

"Enyi kuku, msisogelee lile tangi. Nimeteremsha kibatari, kimezima mara tatu. Mahali moto unapokataa, mtu hakai. Mwenye nyumba amzuie mwanawe."

Nikamsikia. Nikamwelewa vizuri sana.

Nikakohoa.

Akaenda kuchota maji.

Na mimi nikabaki pale barazani, kikombe kinapoa, nikijiuliza jinsi nitakavyosimama mbele ya Ikolo yote na Busale yote kuwaambia kwamba mkaguzi wa miaka thelathini na mmoja amerekebishwa na binti wa mfinyanzi. Nikajiambia kifuniko kiko wazi tangu jana, hewa imeshaingia. Nikajiambia kibatari kinazimika kwa upepo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Godlove aliponiuliza kama aingie, bado nilikuwa na nafasi.

Sikumjibu Rut. Hakuuliza tena. Tangu siku ile ananipikia, ananifulia, na hatujazungumza zaidi ya habari za mvua.

Nilivumilia miezi mitano. Mwezi wa sita nikaita baraza, nikasimama, nikasema yote kama nilivyowaandikia hapa. Mnajua walisema nini? Asajile alinishika mkono akaniketisha. Akawaambia watu kaka yake amechanganyikiwa kwa majonzi, anataka kumbebea mwanamke dhambi zake. Wakanionea huruma. Heshima yangu ilikuwa kubwa kuliko ukweli wangu.

Basi kesho yake nikamchukua mjukuu, nikamwambia Rut ninakwenda mwambao. Akanifungia ndizi za kuchoma za kula njiani, nguo zote za mtoto akazitia kwenye mfuko. Hakuuliza nitarudi lini.

Tukapanda gari, kisha mtumbwi. Tulimkuta Doreen uani kwao, anazungusha chungu juu ya kigae, mikono ya udongo mpaka viwikoni.

Nikasimama mbali, kama desturi, nikakohoa kumjulisha nimefika, ili apate kujifunika.

Hakujifunika.

Akainuka, akanitazama machoni. Wakuu, mimi ni mtu mzima, nimeona maiti za kila namna relini. Sikuwahi kutazamwa vile. Sikujua kwamba ana kovu dogo juu ya jicho. Miaka sita.

"Shikamoo, mzee," akasema. Vile vile kama unavyomwamkia mpita njia yeyote.

Nikaelewa. Mimi si baba mkwe wa mtu tena.

Nikamweleza kwamba nimesema kwenye baraza, hawakuniamini, lakini mtoto nimemleta na hakuna atakayekuja kumchukua maadamu mimi niko hai. Akasikiliza mpaka mwisho. Akanawa mikono, akampakata binti yake, akamnusa nywele.

Kisha akasema, bila ukali wowote:

"Nilikusikia ukikohoa. Nikaenda mtoni nikiimba."

Akaingia ndani na mtoto. Sikukaribishwa, na sikutegemea kukaribishwa.

Basi ninyi mnaosoma, hasa wenye vyeo, wenye vyeti, wenye kuitwa mabingwa wa jambo fulani, chukueni hili kwa mzee wa Ngonga. Neno la kukuokoa likija, lipokee hata kama wameambiwa kuku. Na ukishaitikia kwamba umelisikia, lifikishe siku hiyo hiyo, mbele ya watu wote, hata kama litakuvua nguo.

Kuna mtu ameliweka mikononi mwako, akaenda zake kuchota maji.