Profesa Aliniuliza Kama Ile Maneno Ilikuwa Yangu

Mujukulu wangu alifanya travaye, ile kazi yake ya kuandika ya kumaliza chuo, juu ya samaki ya kukauka ya Pweto, kule nilizaliwa. Kila siku ya Mungu, kisha misa, alikuja kwangu hapa Katuba, anauliza, anaandika na mukono. Nilimuambia vile mama yangu alinifundisha: samaki ikianza kulia mafuta juu ya moto, uigeuze; ukichelewa, inakukasirikia. Alicheka. Mimi bibi yake, ananiitaka Kambo.

"Kambo, hii naiandika vile vile."

Akapeleka karatasi kwa baba mumoja wa pembeni ya chuo, mwenye kuandikiaka banafunzi travaye ku ordinateri, ile kompyuta. Yule aliona Kifaransa ya mujukulu wangu inakwama. Kwa kumusaidia, akapitisha yote ndani ya ile mashini inatungaka maneno peke yake. Hakumuambia. Mujukulu wangu aliona Kifaransa imenyooka, akafurahi, akaipeleka.

Ku chuo nabo beko na mashini yabo ya kukamata kazi ya ile mashini. Ikasema hii haikuandikwa na muntu. Balimukatalia kuitetea. Na karatasi ya mukono, yule baba alikuwa amekwisha kuipa muuza karanga, ya kufungia.

"Kambo, twende. Wewe ndio shahidi wangu."

Tukaenda. Profesa alinipa kiti kwa heshima. Akasoma kwa Kifaransa, akanifasiria: "Mazao ya ziwa hupitia hatua mbalimbali za uhifadhi." Kisha akauliza: "Mama, ulimuambia hivi?"

Mujukulu wangu aliniangalia. Ilibaki tu kusema ndiyo.

"Hapana," nikasema. "Mi nilisema samaki inalia. Lakini huyu mutoto alikuja, alikaa, aliandika. Nilimuona."

Ile ya kwanza, profesa aliiandika. Ile ya pili, aliitikia na kichwa tu.

Ku njia tulitembea mupaka kwenye tulingojea motokari.

"Kambo, haungeweza, siku moja tu?"

"Kusema bongo, uongo?"

"Kunyamaza."

Sijui kunyamaza kama muntu ananiuliza, na hata leo ningesema vile vile. Lakini ile neno yake inanikaa ku roho.

Sasa anarudilia mwaka. Anakuja bado, anafagia, anauliza kama dawa yangu ingali iko. Travaye mupya ni juu ya simenti. Kwa ile, hana kitu ya kuniuliza.