Mwitikio wa Simi

Sisi Wayahudi tuliobaki Meknes, Moroko, baada ya wenzetu kuhama, sote tulimjua Freha Bohbot, mshonaji wa magauni ya arusi. Zamani yeye na mdogo wake Simi hawakukosa kwenye hina ya bibi arusi yeyote. Freha alitanguliza ubeti, Simi akauitikia, na bila mwitikio wimbo ule wa mama zetu hauwi wimbo. Kisha Simi akaolewa Marseille, Ufaransa. Freha akabaki kumuuguza mama yao, na mama alipozikwa, hakuwa tena na moyo wa kufunga mizigo.

Alijaribu kuimba sehemu zote mbili huku akishona. Pumzi zikamwishia. Ndipo akaenda kwa Driss, kinyozi Mwislamu aliyepiga banjo kwenye arusi za mjini.

"Shangazi, wewe na banjo? Watu watasema nini?"

"Watu gani? Mtaani kwetu nimebaki mimi na paka."

Driss akacheka, akampakatisha banjo. "Basi usilikabe hivyo, si kuku wa kuchinjwa."

Majira yote ya baridi Freha alikwenda kwake, isipokuwa Sabato. Vidole vikafanya malengelenge, akavipaka mafuta ya zeituni. Driss hakuujua wimbo wenyewe. Freha alimwimbia, naye akausaka kwenye nyuzi na kuutia madoido yake.

"Hapo unakimbia," Freha akamkatiza. "Simi hapo huvuta pumzi."

"Simi mwenyewe hayupo, shangazi."

"Ivute wewe."

Pasaka yetu Wayahudi ilipokwisha, Simi akaja kumtembelea. Alasiri moja niliwapelekea mnanaa wa chai, nikamkuta Freha ameshika banjo. Aliimba ubeti wa kwanza, akatuliza nyuzi kwa kiganja, akamtazama mdogo wake.

Simi akatabasamu. "Dada, maneno yameshanitoka. Kule nani ataniimbisha? Endelea tu, napenda kukusikia."

Freha akainama, akapiga mwitikio kwa banjo. Hakukosea popote. Simi akapiga makofi, nyuma kidogo ya mdundo, kisha akaanza kutusimulia habari za jokofu lake jipya. Nilitamani niitikie mimi, ila sauti sina, na ule si wimbo wa kudandia.

Simi alipoondoka, Freha alimsindikiza hadi stesheni, akarudi peke yake. Kwa majuma kadhaa nikipita mlangoni kwake nilisikia cherehani tu. Nikadhani banjo amelitupa.

Kumbe siku moja alirudi kwa kinyozi, akangoja mteja anyolewe ndevu, akasema, "Driss, nifundishe wimbo mwingine."

"Upi?"

"Wowote usiotaka wa kuitikia."

Driss akafuta wembe polepole. "Huo hata mimi siujui, shangazi. Kaa, tuutafute."