Asumini Ndani ya Taa

Sudarmo, fundi mwenzangu hapa mjini Solo, Indonesia, kila akimaliza kufufua pikipiki ya zamani huficha kitambaa kilichofungiwa maua mabichi ya asumini ndani ya taa ya mbele, yamlinde mwendeshaji. Tulikuwa tukimcheka sana.

Jana alasiri tulikwenda soko la vyuma chakavu kusaka taa. Siku hizi bei za vipuri ni wizi mtupu, lakini muuzaji mmoja alikuwa nayo kwa bei ya kutupa.

"Imeingia sasa hivi, mzee. Haina hata mkwaruzo."

Sudarmo akaifungua akague nyaya. Kitambaa kikadondoka. Asumini zilikuwa bado nyeupe.

"Kumbe unauziwa mali yako!" nikamtania.

Hakucheka. Wiki hii alikuwa amemaliza pikipiki moja tu, ya bintiye Laras, aliyeondoka nayo alfajiri hiyo kwenda mji wa Semarang.

"Mwenye taa hii yuko wapi, mwanangu?"

Muuzaji akatazama pembeni. "Mzee, sisi hapa tunauza vyuma tu."

Sudarmo akanikabidhi simu yake. "Mpigie wewe, ndugu yangu. Mimi siwezi."

Nikampigia Laras. Akapokea mwanamume.

"Wewe ni nani wake?" akaniuliza, kwa upole.