Nazi Nilizozifunika Blanketi

Bado naona aibu. Binti yangu Chebet alipochumbiwa na kijana wa Kilifi, kijana alituletea gunia la nazi zenye makumbi yake hapa Kericho. Mimi ni mkulima wa chai. Nazi sikuwa nimewahi kuishika. Nikazifunika blanketi karibu na jiko, vile huwa naivisha ndizi.

Miezi ikapita. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia majani ya chai, nilizibonyeza, kisha nikatikisa moja sikioni. Maji yalicheza ndani polepole, nami nikafumba macho nikajiona nimekaa mchangani kwa wakwe, miguu ikiwa ndani ya bahari ambayo sijawahi kuiona.

Wakwe walipokuja kututembelea, mama ya kijana akaniuliza, "Mama Chebet, zile nazi mlizipenda?"

"Sana," nikajibu kwa maringo. "Lakini bado ni ngumu. Zikilainika tutazimenya."

Akanitazama, kisha akaomba kuziona. Nikampeleka jikoni, nikafunua blanketi. Nazi moja ilikuwa imetoa chipukizi refu la kijani.

"Mwenzangu," akasema huku akishika ukuta kwa kicheko, "nazi hupasuliwa kwa panga. Hii imechoka kukungoja, imeamua kuwa mnazi."