Mkono Ulioinuka Mapema

Mwanamke huyu alikuwa matroni wa bweni la wasichana karibu maisha yake yote ya kazi, na kama hujawahi kuishi chini ya matroni, basi hujui sauti ni nini. Aliposimama mlangoni alfajiri na kusema "amkeni", walioamka hawakuwa wasichana peke yao. Aliamka hata mlinzi wa getini, ambaye kwa haki ya mshahara wake hakupaswa kuwa amelala. Wasichana walimbandika jina la King'ora. Alilijua, akajifanya halijui, na moyoni alijivunia kidogo.

Kwa hiyo alipostaafu na kutangaza kwamba anakwenda kusomea hipnosi, yaani kazi ya kuwatuliza watu kwa maneno mpaka wafike pale katikati ya kulala na kuwa macho, ili maumivu na hofu zao zipungue, watu waliona ni mzaha. Jirani mmoja alimwuliza kama sasa atafungua kilinge. Mwingine, mwenye mdomo zaidi, alisema huyu akimlaza mtu, mtu huyo atalala kwa woga. Matroni alicheka nao. Hakuwaeleza sababu, kwa kuwa sababu yenyewe ilikuwa chumbani kwake, imelala kwa ubavu, imekunja miguu, na kila ukiiuliza inakuambia haijambo.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Nusu ya majumba ya mtaa wao yalipita mikononi mwake, na watu walizoea kumwona juu ya ngazi, ndoo kando, akipiga mluzi. Mgongo ulipoanza kumuuma alisema ni ngazi, akanunua ngazi nyingine. Mpaka akubali kwenda hospitali, saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Madaktari hawakuzungukazunguka: kumponya hawataweza, kumpunguzia maumivu watajaribu. Akapewa dawa ya maji ya kunywa, na muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani akapangiwa kuwa anapita kumwangalia. Matroni alisikiliza maelezo yote hayo akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, uso umemkauka. Alikuwa mtu wa kuamuru mambo yakawa, na hili lilikuwa halina wa kuliamuru.

Ni muuguzi huyo huyo aliyemwambia kwamba kuna wagonjwa wanaosaidiwa na hipnosi sambamba na dawa, na kwamba kuna mwalimu anayeifundisha palepale mjini. Sambamba na dawa, ndivyo alivyosema muuguzi. Matroni aliondoka na neno hipnosi, mengine akayaacha mezani.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo. Chumba chenyewe kilikuwa na zulia la kijivu, viti vya kukunja vilivyopangwa duara, na kochi moja la mazoezi lililotoka sponji ubavuni. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyewahi kuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, na hakuwa na subira kabisa na watu waliofuata miujiza. Siku ya kwanza aliwaambia kwamba hapa hakuna saa ya kuning'iniza wala macho ya kukodoa, na kama kuna aliyekuja kujifunza kumfanya shemeji yake awike kama jogoo, mlango ni ule. Mtu mmoja aliinamisha kichwa, na wengine wakajua ni yeye.

Matroni alipangwa kufanya mazoezi na polisi mstaafu ambaye wote walimwita Afande, mtu mwema mwenye kitambi, mwenye kasoro moja tu, kwamba alilala kweli. Ukimwambia alegeze mabega, anakoroma. Mwalimu alikuja akamtikisa, akasema huyu hajatulizwa, huyu amechoka. Ikawa zamu ya Matroni kumtuliza, naye alipofungua kinywa maneno yalitoka na rungu mkononi. "Legeza mikono" yake ilikuwa ile ile ya kukagua vitanda. Afande, kwa mazoea ya gwaride, alikaa wima mikono ubavuni, na darasa zima likavunjika mbavu.

Hakukata tamaa. Alifanya mazoezi akiosha vyombo, akapima sauti yake bafuni, akawasemesha kuku wa jirani, na hatimaye akagundua siri: akifumba macho, sauti inashuka yenyewe. Asipomwona mtu wa kumkaripia, hakaripii. Alifurahi kama aliyeokota pesa njiani. Mwalimu alipomwona akamkataza palepale. Macho ya mtulizaji hayatoki usoni mwa mgonjwa, alisema, kwani maneno ni nusu ya kazi na nusu nyingine ni kutazama. Siku hizi Matroni anaifanya kazi hiyo kwenye wodi ya wagonjwa wa muda mrefu, na wanaojifunza chini yake wanasema hapepesi hata jicho. Wakati ule aliitikia tu. Darasani aliyafumbua, nyumbani akayafumba.

Na nyumbani mambo yalikwenda vizuri ajabu. Kila mchana baada ya chakula alivuta kiti kando ya kitanda, akafumba macho, akaanza kwa ile sauti mpya, ya chini, isiyo na haraka. Alimwambia mumewe avute pumzi, ahisi godoro linavyombeba, kisha awaze kwamba mkono wake wa kulia umekuwa mwepesi, mwepesi zaidi, unataka kuinuka bila yeye kuuinua. Akichungulia kwa jicho moja, mkono uko hewani. Akimwuliza maumivu yako wapi sasa, mume anajibu kwa sauti ya mbali kwamba yametoka nje, yameketi barazani huko. Matroni alikuwa akitoka chumbani uso umemng'aa. Alianza tena kula akashiba. Alianza hata kuimba jikoni, jambo ambalo majirani hawakulifurahia sana.

Muuguzi alipokuja alimtazama mgonjwa alivyokuwa akijigeuza, akasema kipimo cha dawa kiongezwe. Matroni akakataa. Alieleza, kwa fahari ya mwanafunzi, kwamba dawa inamlevya mumewe bure na kwamba wao wameshapata njia. Muuguzi hakubishana naye. Alimgeukia mgonjwa.

"Baba, wewe mwenyewe unasemaje?"

Fundi alimtazama mkewe kwanza. "Msikilize Matroni," akasema. "Mimi sijambo."

Kipimo kikabaki kilekile. Kila muuguzi alipopita aliuliza tena, na kila mara alijibiwa vivyo hivyo, mpaka majira yote ya mvua yakaisha.

Somo lenyewe lilikuja kozi ikielekea ukingoni. Mwalimu alisema kwamba leo watajifunza kumtambua anayeigiza. Watu wengi huigiza, alisema, tena si kwa ubaya. Huigiza kwa heshima, hawataki kukuaibisha. Akawachukua wanafunzi wawili, mmoja akamtuliza kweli, mwingine akamnong'oneza ajifanye. Mkono wa yule aliyetulia ulipanda kwa kushtukashtuka, ukasita, ukapanda tena, kama usiomjua mwenyewe. Wa mwigizaji ulipanda laini, moja kwa moja.

"Na tazameni wakati," Mwalimu alisema. "Anayeigiza ni mwema mno. Mkono wake unainuka kabla hujamaliza kumwambia."

Afande alisema basi yeye ndiye mkweli wa darasa, maana kukoroma hakuigizwi. Watu wakacheka. Matroni alikuwa akiyarudia kichwani maneno yake ya kila mchana, polepole, akitafuta ni neno gani alikuwa amefikia kila alipochungulia na kuukuta mkono uko juu. Halikuwa la mwisho hata siku moja. Alisimama, akaomba ruhusa, akachukua mkoba wake. Njia nzima alijiambia kwamba huenda kila mtu na mkono wake, na hakuamini hata kidogo.

Mumewe alikuwa macho. Aliuliza mbona amewahi, akaambiwa Mwalimu amepata dharura. Matroni akavuta kiti, akaanza. Safari hii hakufumba macho.

Alisema mkono wako wa kulia, na kabla hajafika kwenye wepesi, mkono ulikuwa umeshapanda, laini, mtiifu. Uso wa mume ulikuwa umetulia kabisa, umepangwa, kama kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya ukaguzi. Lakini mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. Na mkono wa kushoto, ambao hakuna aliyewahi kuuomba chochote, ulikuwa umeshika ukingo wa godoro mpaka vidole vimekakamaa. Kitambaa cha godoro mahali pale kilikuwa kimechakaa, kimechanika, sponji imechimbwa. Haikuwa kazi ya siku moja wala ya wiki moja.

"Fundi," akasema. "Fumbua macho."

Akafumbua.

"Tangu lini?"

Ilionekana wazi kwamba alitaka kudanganya, kisha akachoka. "Tangu mwanzo, Matroni."

Hapo ile sauti ya bweni ilirudi yote, na hakuna jirani asiyeisikia. Alimwambia amemfanya mjinga. Alimwambia amemfanya amnyime dawa mume wake kwa mdomo wake mwenyewe, tena akijisifu mbele ya watu. Alimwuliza ni mume gani anayemfanyia mkewe hivi, alikuwa akitaka nini, alidhani ataficha mpaka lini. Chini ya hasira hiyo kulikuwa na hofu kubwa kiasi kwamba hakuthubutu kunyamaza. Mumewe alisubiri mpaka pumzi zikamwishia.

"Ulikuwa unatoka humu umefurahi," akasema. "Tangu siku ile ya majibu ya hospitali hukuwa umefurahi hata mara moja. Maumivu nilikuwa nayaweza. Ile sura yako ya siku ile ndiyo nilishindwa."

 Matroni alikwenda sebuleni kumpigia simu muuguzi, na alikosea namba mara kadhaa kabla ya kumpata.

Muuguzi alikuja bila kukawia. Hakumlaumu, na Matroni alitamani angemlaumu. Alimpima mgonjwa, akazungumza na daktari kwa simu, akajaza kipimo kipya kwenye bomba dogo na kumnywesha polepole. Kisha wakangoja. Kwanza mkono wa kushoto uliachia godoro. Halafu taya zikalegea, halafu paji la uso, halafu mikunjo kando ya macho ambayo Matroni kwa miezi yote hiyo alidhani ni uzee. Uliobaki ulikuwa uso anaoujua, wa mtu aliyeshuka kwenye ngazi mchana akitafuta chakula chake. Hakuwa ameuona tangu kabla ya mvua. Kila siku alikuwa akitoka chumbani akiamini ameuacha nyuma yake.

Alikumbuka kwamba hajamwomba radhi. Alikuwa amemkaripia tu, na hilo ndilo la mwisho alilomwambia. Akavuta kiti, akakaa, akamwinamia. Muuguzi, aliyekuwa akifunga vifaa vyake, alimwambia taratibu kwamba mwili huu umechoka sana na huenda mgonjwa asipate tena nguvu ya kuzungumza. Kama kuna neno anataka alisikie, anaweza kumwamsha sasa hivi, kabla dawa haijamzamisha. Ila maumivu nayo yataamka.

Matroni aliutazama ule uso kwa muda mrefu. Kisha akaweka mikono mapajani, akamwacha alale.